Ujumi wa Mashamba ya Chai: Mstari, Nafasi na Haki katika Mandhari ya Kericho na Bomet

Utangulizi

Mfano wa kikombe na chai umetumiwa mara nyingi katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili kueleza uhusiano wa fani na maudhui. Wanaoutumia husema kwamba kikombe ni fani, nayo chai iliyomo ndani ni maudhui. Kimoja hubeba na kingine hubebwa. Wapinzani wao wamejibu kwamba mfano huo unatenganisha vitu visivyotengana, kwa sababu chai inaweza kumwagwa na kikombe kikabaki vilevile, ilhali kazi ya sanaa haiwezi kuvuliwa fani yake ikabaki na maudhui yake. Ndipo wakapendekeza mfano wa sarafu yenye sura mbili. Mjadala huo umeendeshwa kwa muda mrefu bila ya kuulizwa chai yenyewe imetoka wapi.

Makala haya yanalipeleka swali hilo mahali chai inapoota. Yanachunguza mandhari ya mashamba ya chai ya Kericho na Bomet kwa kutumia istilahi za sanaa za maono: mstari, umbo, rangi, mguso wa uso na nafasi, ambavyo ndivyo vipengele vya msingi, kisha takriri, urari, uwiano, ukinzani na umoja, ambazo ndizo kanuni za kuvipanga vipengele hivyo. Swali linalohusika ni la kimaadili. Je, mtu anaweza kuhukumu kwamba mandhari hii ni nzuri kwa kuliangalia umbo lake tu, bila ya kujali ardhi ilipatikanaje na ni mikono ya nani iliyolifanya umbo hilo? Msimamo unaotetewa hapa ni kwamba uzuri wa mandhari hiyo ni wa kweli na haupaswi kukanushwa. Hata hivyo, hukumu ya uzuri isiyomtambua mtengenezaji ni hukumu pungufu kwa vigezo vya maadili na, muhimu zaidi kwa mhakiki, kwa vigezo vya ujumi wenyewe.

Vipengele na Kanuni

Msafiri anayepita barabara kuu ya Kericho kuelekea Litein huona vilima vilivyofunikwa kijani kibichi hadi upeo wa macho. Jambo la kwanza linalomvutia ni mstari. Safu za michai hufuata mkunjo wa kilima, zikapinda kinapopinda na kushuka kinaposhuka. Mstari huo haukuchorwa kwa ajili ya jicho. Safu hupandwa kwa kukingama mteremko ili maji ya mvua yasiuchukue udongo, na kati ya safu huachwa njia nyembamba anayopita mchumaji. Nafasi inayopendekezwa sana nchini Kenya kati ya mche na mche ni mita 1.22 kwa mita 0.76, hesabu inayotoa michai zaidi ya 10,000 katika hekta moja. Takriri ambayo mtazamaji huifurahia kana kwamba ni mahadhi ya wimbo ilianza kama kipimo cha mavuno.

Rangi nayo ina sababu yake. Mandhari ya chai haina kijani kimoja. Lipo shamba lenye kijani cha kukaribia umanjano, lipo lenye kijani kilichokolea, na katikati yake huonekana kipande cha rangi ya udongo na vijiti vitupu. Shamba la manjano limejaa machipukizi mapya yanayosubiri kuchumwa. Lililokolea limechumwa siku chache zilizopita, na majani yanayoonekana ni yale makuu yanayoulisha mmea. Kile kipande cha udongo kimepogolewa, kazi ambayo hurudiwa kila baada ya miaka kadhaa. Kwa kuwa shamba moja hurudiwa na wachumaji kila baada ya siku saba hadi kumi na nne hivi, kulingana na mvua na joto, ukinzani wa rangi unaoupa mlima uhai wake ni kalenda ya kazi. Anayejua kuisoma huweza kutaja ni wapi watu walikuwa jana na ni wapi watakuwa kesho.

Kipengele kilicho tajiri zaidi ni ule uso uliosawazishwa. Mchai ukiachwa huwa mti wenye kimo cha mita kadhaa. Katika mashamba haya hauachwi. Hupogolewa na kuchumwa hadi ukawa na uso wa juu ulio bapa, ambao wataalamu wa kilimo huuita meza ya kuchumia. Meza hiyo husimama usawa wa kiuno cha mtu kwa sababu hapo ndipo mikono inapofanya kazi bila ya kuinama mno wala kuinuliwa mno. Hivyo basi, kanuni ya uwiano katika mandhari hii imechukua kipimo chake katika mwili wa mchumaji. Aidha, usawa wa meza haudumu wenyewe. Machipukizi hayakui kwa kasi moja, na uso huo huharibika kila wiki. Wachumaji wengi hutumia fito lililonyooka, ambalo hulazwa juu ya michai. Kinachozidi usawa wake, yaani majani mawili na chipukizi, ndicho kinachochumwa. Fito hilo ni chombo cha kuchorea kama ilivyo rula ya msanifu. Kila anayelilaza anauchora upya uso ambao mvua na jua vimeuvuruga.

Uchambuzi huu unaonyesha jambo moja. Hakuna kipengele cha umbo katika mandhari hii ambacho si alama ya uamuzi fulani kuhusu kazi. Mstari, rangi, uso na uwiano vyote vimefanywa, na vinaendelea kufanywa.

Nafasi Iliyofanywa Tupu

Kipengele kilichobaki ni nafasi. Katika mafunzo ya uchoraji, nafasi hufafanuliwa kuwa uwazi unaozunguka maumbo au ulio kati yake. Mchoraji huipata karatasi ikiwa nyeupe, kisha huamua aijaze wapi na aiache wapi. Mandhari ya Kericho haikuanza na karatasi nyeupe. Ardhi hiyo ilikuwa ya Wakipsigis, yenye malisho, mashamba, makao na mahali pa ibada. Baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia, sehemu yake kubwa ilitengwa kwa mpango wa kuwapa makazi maafisa wa Uingereza waliojeruhiwa vitani, ambao walinuia kulima kitani. Mpango huo ulishindwa mapema katika miaka ya 1920. Katikati ya mwongo huohuo makampuni ya Brooke Bond na James Finlay yalianza kilimo kikubwa cha chai katika eneo hilo. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni ilipitisha sheria mahususi ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ambao viongozi wao wa kidini, orkoiik, walituhumiwa kuchochea uasi. Walipelekwa Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, wakakaa huko uhamishoni kwa miaka mingi.

Kwa lugha ya sanaa, nafasi ilifanywa kuwa tupu kabla ya kuchorwa. Umoja wa mandhari unaosifiwa leo, yaani kule kutokuwapo kwa kitu chochote kinachoukatiza ule uso wa kijani, ulihitaji kwanza kuondolewa kwa vitu vilivyokuwapo. Madai kuhusu kuondolewa huko hayajawa historia iliyofungwa. Mwaka 2019 Tume ya Kitaifa ya Ardhi ya Kenya ilitoa uamuzi uliokubali kwamba Wakipsigis na Watalai walitendewa dhuluma ya kihistoria, na mwaka 2022 wawakilishi wao waliwasilisha malalamiko dhidi ya Uingereza katika Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu.

Mstari nao ulitumika kuwapanga watu. Nyumba za wafanyakazi katika mashamba makubwa ya enzi ya ukoloni zilijengwa kwa safu zinazofanana, na Waingereza waliziita kwa neno lao lenye maana ya mistari, neno ambalo katika Kiswahili limekuwa laini. Aliyechuma katika safu mchana alilala katika safu usiku. Baada ya uhuru pia mstari wa chai uliendelea kupewa kazi ya kutenga: Nyayo Tea Zones, mradi ulioanzishwa mwaka 1986, ulipanda mikanda ya chai kandokando ya misitu ili iwe mpaka kati ya msitu na makazi ya watu.

Kasri la Mwanafalsafa na Kasri la Mwandishi

Swali linalojadiliwa lina historia katika falsafa. Immanuel Kant, katika kitabu chake kuhusu uwezo wa kuhukumu kilichotolewa mwaka 1790, alitoa mfano wa mtu anayeulizwa kama kasri lililo mbele yake ni zuri. Mtu huyo, asema Kant, anaweza kujibu kwa kulaumu majivuno ya wakubwa wanaolipoteza jasho la watu kwa vitu visivyohitajika. Kant hakulikataa jibu hilo. Alikubali kwamba huenda likawa na haki. Alichosema ni kwamba halikujibu swali lililoulizwa. Hukumu safi ya uzuri, kwa maoni yake, haina maslahi: haiulizi kitu ni cha nani, kinafaa nini, au kiligharimu nini.

Fasihi ya Kiswahili ina kasri lake. Riwaya ya Adam Shafi, Kasri ya Mwinyi Fuad, iliyotolewa mwaka 1978, inahusu jumba la mmiliki wa mashamba katika Unguja ya kabla ya Mapinduzi ya mwaka 1964. Msomaji halioni jumba hilo kwa mbali. Analiingia kwa mlango wa watumishi, na analijua kwa kazi ya Kijakazi, mtumishi aliyelitumikia kwa uaminifu mkubwa. Riwaya hiyo haikanushi kwamba kasri ni kasri. Inachofanya ni kumweka msomaji mahali ambapo swali la Kant haliwezi kuulizwa peke yake, kwa kuwa anayelisafisha jumba naye ni mtazamaji, na jicho lake ni jicho.

Leo Tolstoy alikwenda mbali zaidi. Katika kitabu chake kuhusu maana ya sanaa, cha miaka ya mwisho ya karne ya kumi na tisa, alieleza mazoezi ya opera aliyoyashuhudia, ambamo waimbaji na wafanyakazi walitukanwa na kuchoshwa, akauliza ni sanaa gani inayostahili gharama kama hiyo. Mwelekeo wake ulimfikisha kukataa sehemu kubwa ya sanaa ya zama zake. Hapo ndipo makala haya yanapoachana naye. Kuuambia umma kwamba vilima vya Kericho si vizuri kwa sababu vina historia mbaya ni kuuambia jambo ambalo macho yao yanalikanusha. Na hoja ya haki inayoanza kwa kulikana jicho haitasadikiwa na wengi. Zaidi ya hayo, ni kumpokonya mchumaji kitu cha pili. Amekwisha kukosa sehemu kubwa ya thamani ya jani. Akiambiwa pia kwamba kazi ya mikono yake ni mbaya, amebakiwa na nini?

Mtengenezaji Asiyetajwa

Njia iliyo bora zaidi inapatikana ndani ya hoja ya Kant mwenyewe. Katika kitabu kilekile alishikilia kwamba mbele ya kazi ya sanaa ni sharti mtu atambue kuwa hiyo ni sanaa, wala si maumbile, hata kama inaonekana kuwa huru kama maumbile. Kigezo hicho kikitumiwa Kericho, kosa la mtazamaji wa kawaida huonekana waziwazi. Maelezo ya kitalii na picha za kwenye pakiti za chai huiita mandhari hii uzuri wa maumbile, neema ya mvua na udongo mwekundu. Mvua na udongo ni neema kweli, lakini mvua haijapata kusawazisha meza ya chai. Anayesema kwamba ameona uzuri wa maumbile mahali penye kazi ya mikono amekosea kuhusu kile anachokihukumu. Kosa hilo ni la ujumi kwanza, kisha ni la maadili: sifa ya kazi imepewa asiyeifanya.

Raymond Williams, katika uchunguzi wake wa mwaka 1973 kuhusu mashamba na miji katika fasihi ya Kiingereza, alionyesha jinsi mashairi ya kuyasifu majumba ya mabwana yalivyoiondoa kazi katika picha, hata chakula kikaonekana kujileta chenyewe mezani. Mandhari ya chai imepatwa na jambo linalofanana, kwa namna ya hila zaidi. Mchumaji hakuondolewa katika picha. Amewekwa ndani yake kama kipengele. Kikapu mgongoni na kitambaa chenye rangi kali kichwani vimekuwa kitovu cha mkazo kinachouvunja ule upana wa kijani. Yeye anayeuchora uso amefanywa kuwa nukta juu ya uso huo.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa. Inaweza kusemwa kwamba mchumaji hakusudii uzuri. Anakusudia kilo, kwa kuwa hulipwa kwa kilo, na pasipo kusudio la uzuri hapana sanaa. Pingamizi hili linachukulia kwamba matumizi na uzuri ni mambo mawili yanayopingana, dhana ambayo utamaduni wa mahali hapo hauijui. Sotet, kibuyu ambacho Wakipsigis na Wakalenjin wengine hugandishia maziwa ya mursik, huvishwa ngozi, shanga na kauri, na umbo lake huchaguliwa kwa uangalifu. Lakini kazi kubwa zaidi hufanywa ndani, mahali pasipoonekana: kibuyu husafishwa, kisha huta zake hupakwa makaa ya mti wa senetwet ili maziwa yahifadhike na yapate ladha na rangi yake ya kijivu. Sotet lenye shanga nzuri na maziwa yaliyoharibika halisifiwi na mtu. Waswahili walikwisha kulisema hilo kwa njia yao: uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi. Kwa kigezo cha sotet, fito linalolazwa juu ya mchai ni kusudio la umbo kamili. Mchumaji anakusudia usawa, na usawa ndio unaosifiwa na msafiri.

Kigezo hicho pia kinazuia hukumu ya jumla dhidi ya chai. Wakulima wadogo wa Bomet, wanaopeleka majani yao katika viwanda kama Kapkoros na Mogogosiek chini ya mfumo wa KTDA ulioanza mwaka 1964, husawazisha meza zilezile kwa mbinu zilezile. Vishamba vyao huonekana tofauti: vipande vidogo vyenye mipaka ya miti, mahindi kando, ng'ombe wawili watatu na nyumba katikati. Mchoraji anayependa umoja atasema kwamba vimekatizwa mno. Kilichovikatiza ni kuwapo kwa watu ambao hawakuondolewa. Mkulima huyo ana malalamiko yake kuhusu bei na marupurupu ya mwisho wa mwaka, lakini anapokiangalia kishamba chake jioni, mtazamaji na mtengenezaji ni mtu mmoja.

Mtihani wa Mashine

Uzito wa swali hili umeonekana tangu mashine za kuchumia chai zilipoingia katika mashamba makubwa. Mashine hukata uso mzima kwa mpigo mmoja, na huuacha bapa kuliko fito. Kwa vipengele vya umbo peke yake, hakuna kilichopungua: mstari upo, rangi ipo, takriri ipo, umoja umeongezeka. Mtazamaji aliye barabarani angeweza kupita bila ya kuona tofauti. Ilhali kwa watu wa mahali hapo tofauti ilikuwa kubwa kiasi kwamba mwezi Mei 2023 waandamanaji walizichoma mashine kadhaa huko Kericho, wakilalamikia kupotea kwa ajira. Hukumu ya uzuri inayosema kwamba shamba la kabla na shamba la baada ni kitu kilekile imekosa kuona kilichotokea mbele yake.

Hata hivyo, haifai kuhitimisha kwamba wachumaji wabaki mashambani ili picha isiharibike. Kazi hiyo huuchakaza mwili. Mwaka 2022 mahakama kuu ya kesi za madai ya Scotland iliruhusu wachumaji kutoka Kericho waendeshe kwa pamoja kesi ya madai kwamba kubeba mizigo na kuinama kumewaumiza mgongo, madai ambayo kampuni iliyoshtakiwa iliyapinga. Februari 2023 uchunguzi wa BBC ulitangaza ushuhuda wa wanawake wengi waliosema kwamba walidaiwa ngono na wasimamizi wao ili wapate kazi. Mwenye kuupenda ule uso wa kijani kiasi cha kutaka watu waendelee kuumia kwa ajili yake angekuwa ndiye mwenye kasri hasa. Kinachodaiwa na mtihani wa mashine ni kidogo kuliko hicho na kigumu kuliko hicho: kwamba waliolifanya umbo hili kwa karibu miaka mia moja watambuliwe kuwa ni wafanyaji wake, na kwamba utambuzi huo uwe na uzito inapoamuliwa nani ataondoka, kwa fidia gani, na ardhi itakuwa ya nani.

Hitimisho

Vipengele vya sanaa na kanuni za kuvipanga hufundishwa mara nyingi kana kwamba ni sarufi isiyo na msemaji. Mwanafunzi hujifunza kutaja mstari, rangi na urari, kisha hupewa picha avitafute. Mandhari ya Kericho na Bomet inaonyesha kwamba zoezi hilo halijakamilika mpaka yaongezwe maswali matatu: nani alikifanya kipengele hiki, kinaonekana hivi kutoka mahali gani, na ni nini kilichoondolewa ili kionekane. Maswali hayo hayatoki nje ya uhakiki wa umbo. Bila ya kuyajibu, mhakiki hawezi hata kueleza kwa nini meza ya chai ina kimo ilicho nacho.

Mhakiki wa fasihi naye anapaswa kuyauliza kila anapokutana na maelezo ya mandhari katika riwaya au shairi, na asiridhike kusema kwamba mwandishi amefaulu kuipamba kazi yake kwa taswira za maumbile. Ule mfano wa kikombe na chai ulishindwa kwa sababu uliiona fani kuwa chombo kitupu kinachosubiri kujazwa. Mlimani Kericho fani haikupata kuwa tupu hata siku moja. Imejaa kazi tangu mche wa kwanza, na kila baada ya siku saba hadi kumi na nne mtu huja na fito lake akaifanya tena.